Kikao Namba 212

Saa nne na robo usiku, Ibra.
Feni ya seva inahema.
Muhanna, msimamizi wa falaji, kaniandikia mara ya sita:
"Jedwali la zamu limeganda. Nabofya, halijibu.
Maji yanakwenda, daftari limesimama."

Namjibu: ngoja.
Neno hilo ndilo kazi yangu yote.

Zamani zamu zilipimwa kwa kivuli cha kijiti mchana,
kwa nyota usiku.
Leo ni mistari elfu moja mia tatu na kitu,
kila mstari nusu saa ya maji ya mtu:
ya mitende ya Bi Shinuna,
ya wakfu wa msikiti,
ya mayatima wanne wasiojua hata shamba lao liko wapi.
Anayetaka kuubadili mstari, kwanza autie kufuli.

Wala kufuli si uchoyo.
Wasomaji mia waweza kuinamia mstari mmoja
kama watu mbele ya tangazo la msiba,
hakuna amzuiaye mwenziwe.
Mwandishi lakini ni mmoja.
Akishika kalamu, waandishi wengine nyuma yake.
Pasipo hivyo nusu saa moja ingeuzwa mara mbili,
na alfajiri wanaume wawili wangekutana penye mlango wa mfereji,
kila mmoja na jembe lake,
kila mmoja na risiti.

Mwezi uliopita tulipata mkwamo wa kweli.
Sebeiti na Khuwaitim walibadilishana zamu,
kila mmoja kwa simu yake, sekunde ileile.
Huyu kashika wake, anautaka wa yule.
Yule kashika wake, anautaka wa huyu.
Mashine haikuita kikao cha suluhu.
Ilimchagua Khuwaitim, ikamfuta,
ikamwambia: rudia.
Alinuna siku tatu. "Kwa nini mimi?"
Kwa sababu kazi yako ilikuwa ndogo, Khuwaitim,
kuifuta kulikuwa rahisi.
Nani humwambia mtu hivyo?

Usiku huu si mkwamo. Ni foleni,
mkia naushika, kichwa sikioni.
Nafungua orodha ya makufuli.
340 kinamngoja 287.
287 kinamngoja 251.
251 kinamngoja 212.
Biju, wa zamu ya usiku, anasema tukiue 340,
ndicho kinacholalamika.
Hapana, Biju.
Apigaye kelele siye aliyefunga mlango.
Fuata uzi mpaka kwa asiyemngoja mtu.

212 hakimngoji mtu.
212 hakifanyi lolote.
Kilifungua muamala saa kumi na dakika nane alasiri,
kikalishika jedwali zima,
hakikuthibitisha, hakikughairi,
kama mtu aliyeingia msalani na gazeti.

Nataka jina.
Maneno ya kumwambia nimeshayapanga,
mengine kwa Kiarabu,
mengine kwa Kiswahili cha mama,
ambayo Biju hatayaelewa, na afadhali.

Jina: rayya_m.
Kompyuta: hii.

Saa kumi na dakika nane dada alipiga kutoka Maskati.
Mama kateleza ngazini. Hapana, hajavunjika.
Nilitoka uani na simu, nikauzunguka mtende mmoja
mpaka viatu vikajaa vumbi,
tukibishana nani alale naye wiki hii,
nani aombe ruhusa kazini.
Aliposema "wewe uko huru zaidi,"
nilisema "wewe uko karibu zaidi,"
tukakata, kila mmoja akingoja mwenziwe aseme: mimi.
Nikarudi mezani, nikafungua dirisha jipya,
la zamani likabaki chini, limeshika kila kitu,
likisubiri neno moja.

Thibitisha.

340 chapita, 287 chapita,
nyuma yao ishirini na tisa wengine.
Muhanna: "Limefunguka. Palikuwa na nini?"
Biju anatazama kikombe chake cha karaki, muungwana.
Naandika: mtu alisahau.

Saa tano kasoro dakika tano.
Nampigia dada.
Inaita.